Mishipa ya fahamu na kinga dhidi ya saratani: ujumbe mmoja, majibu tofauti

Ukichukua kipande chembamba cha uvimbe wa kongosho au wa tezi dume, ukakipaka rangi inayoshika protini za neva (mishipa ya fahamu) na kukitazama kwa hadubini, utaona nyuzi za neva zimepenya katikati ya seli za saratani, mishipa ya damu na seli za kinga. Wataalamu wa patholojia wamezijua nyuzi hizi tangu zamani, lakini walizihesabu zaidi kuwa njia: seli za saratani hutambaa kuzizunguka neva na kufika mbali. Katika saratani ya kongosho hali hiyo huonekana kwa wagonjwa wengi mno, nayo ni chanzo kimojawapo cha maumivu yao makali. Kilichokuja kueleweka baadaye ni kwamba neva hizo hazikai kimya. Zinamwaga kemikali, seli za kinga zilizo jirani zina vipokezi vya kemikali hizo, na kazi ya kinga hubadilika.

Je, mabadiliko hayo humsaidia mgonjwa au humwumiza? Swali likiulizwa hivyo halijibiki. Inabidi kwanza kujua ni neva ipi inayozungumziwa, iko katika kiungo gani, inagusa kipokezi kipi, na ujumbe wake umedumu dakika au miezi. Mengi yanayosemwa kwa jumla kuhusu msongo wa mawazo na saratani yanayumba kwa sababu mambo hayo manne yamechanganywa.

Kazi ya kinga, kwa ufupi

Kinga dhidi ya saratani ni mfululizo wa hatua. Seli dendritiki huokota vipande vya seli za saratani zilizokufa, husafiri navyo hadi kwenye tezi za limfu, na huvionyesha kwa seli T, aina ya seli nyeupe za damu. Seli T inayokitambua kipande huanza kugawanyika, huzaa jeshi la seli za aina yake, kisha jeshi hilo hutoka kwenye tezi, huingia kwenye damu na kuutafuta uvimbe. Likifika, kila seli T aina ya CD8 hujibana kwenye seli ya saratani na kuitobolea matundu kwa protini iitwayo peforini, halafu huingiza vimeng'enya vinavyoiua. Seli NK, yaani seli za kinga zilizozaliwa na uwezo wa kuua, hufanya mauaji yanayofanana bila kusubiri mafunzo ya tezi za limfu, na ndizo zinazotegemewa sana kuua seli chache za saratani zinazozurura kwenye damu.

Uvimbe nao hujitetea. Seli T zinazopambana nao wiki baada ya wiki huchoka: huweka juu ya utando wao vizuizi kama PD-1, hupunguza mauaji, na mwishowe hubaki pale zikiwa hai lakini hazina madhara kwa saratani. Dawa zinazofungua vizuizi hivyo ndizo zilizowapatia James Allison na Tasuku Honjo Tuzo ya Nobel ya mwaka 2018. Dawa hizo huwafaa baadhi ya wagonjwa kwa namna ya kushangaza na huwashinda wengine wengi, na kutafuta sababu ya kushindwa huko kumewasukuma watafiti wengi wa kinga kuzitazama neva.

Ujumbe hufikaje kwenye seli za kinga

Ziko njia mbili kuu. Ya kwanza ni waya wa moja kwa moja. Mfumo wa neva wa simpathetiki, ule unaoamshwa na hatari, baridi, maumivu au damu kupungua, hupeleka nyuzi zake kwenye wengu, tezi za limfu, uboho na tezi ya thaimasi. Miaka ya 1980, David Felten na wenzake walionyesha kwamba nyuzi hizo haziishii kwenye mishipa ya damu ya wengu. Ncha zake hukaribia limfosaiti zenyewe (seli nyeupe kama seli T na NK), karibu kiasi cha kuzipa noradrenalini, kemikali kuu ya neva hizo, bila kupitia damu. Wakati huohuo neva hizo huamsha kiini cha tezi za adrenali, zilizo juu ya figo, ambacho humwaga adrenalini kwenye damu kwa sekunde chache.

Njia ya pili ni ya homoni tupu na huenda taratibu. Haipothalamasi iliyo chini ya ubongo huiagiza tezi ya pituitari, pituitari huliagiza ganda la tezi za adrenali, na ganda hilo hutoa kotisoli. Kilele chake huja baada ya dakika kadhaa, si sekunde. Kotisoli huingia ndani ya seli na kuwasha jeni maalumu. Moja kati ya hizo, iitwayo Tsc22d3, ilionyeshwa mwaka 2019 kuwa huzima uwezo wa seli dendritiki wa kuamsha seli T. Panya waliokuwa na msongo walipoteza sehemu ya faida ya chanjo na ya dawa za kinga walizopewa dhidi ya uvimbe.

Upande wa pili wa mfumo huu ni parasimpathetiki, hasa neva ya vagasi, ambayo kemikali yake kuu ni asetilikolini. Kevin Tracey na wenzake walionyesha mwaka 2000 kwamba kuichochea neva hii kwa umeme hupunguza protini ya uchochezi TNF kwenye mnyama aliyepewa sumu ya bakteria. Baadaye ilibainika kwamba ndani ya wengu kazi hiyo hukamilishwa kwa njia ya mzunguko: noradrenalini huigusa seli T ya aina fulani, seli hiyo ya kinga ndiyo inayotengeneza asetilikolini, na asetilikolini huzituliza makrofaji, seli za kinga zinazomeza vijidudu na mabaki ya seli. Jambo hili linastahili kukumbukwa kila mtu anaposema "vagasi hutuliza, simpathetiki huchochea". Ndani ya wengu mifumo hiyo miwili hufanya kazi pamoja.

Ndani ya seli T

Noradrenalini na adrenalini hushikwa na vipokezi vya alfa na beta. Kwenye seli nyingi za kinga, kipokezi kinachotawala ni beta-2. Kikishikwa, huamsha kimeng'enya kinachotengeneza molekuli ndogo ya cAMP. Kiwango cha cAMP kikipanda, huwaka kimeng'enya kingine, PKA, ambacho nacho hukipa nguvu kimeng'enya Csk. Kazi ya Csk ni kukizima Lck, na Lck ndicho cha kwanza kufanya kazi seli T inapotambua adui. Hapo seli T inamwona adui lakini amri ya kushambulia inafifia njiani. Hutoa kidogo intaferoni-gama na intaleukini-2, protini ambazo seli za kinga hutumia kupeana ujumbe, hugawanyika polepole na huingiza glukosi pungufu, wakati kugawanyika kwa haraka kunahitaji glukosi nyingi.

Seli nyingine nazo huguswa. Seli dendritiki hupunguza intaleukini-12, ambayo ndiyo huzisukuma seli T kwenye mashambulizi, na huongeza intaleukini-10, ambayo huzituliza. Makrofaji hugeuka kutoka kwenye kuua na kuelekea kwenye ukarabati, yaani kukuza mishipa ya damu na kulainisha tishu, kazi njema kwenye kidonda lakini zawadi kwa uvimbe. Uboho nao hutoa kwa wingi seli changa za ukoo wa mieloidi (ukoo unaozaa makrofaji) ambazo huzikandamiza seli T. Tena seli za saratani zenyewe mara nyingi zina kipokezi cha beta-2: mwaka 2006 kundi la Anil Sood lilionyesha kwamba panya wenye saratani ya ovari waliofungiwa mahali finyu kila siku walikuza uvimbe mkubwa zaidi, kwa sababu ujumbe wa beta uliongeza protini ya VEGF inayootesha mishipa ya damu.

Katika saratani ya matiti, kundi la Erica Sloan liliripoti mwaka 2010 kwamba msongo wa aina hiyohiyo uliongeza kusambaa kwa saratani ya panya mara 30, huku uvimbe wa mwanzo ukibadilika kidogo sana. Kilichobadilika kilikuwa makrofaji: waliitwa kwa wingi kwenye uvimbe na kufungua njia ya kutoka. Dawa ya propranololi, inayoziba vipokezi vya beta-1 na beta-2, ilizuia hali hiyo. Mtafiti anayepima ukubwa wa uvimbe peke yake angehitimisha kwamba msongo haukufanya lolote.

Beta-2 haiko peke yake. Mwaka 2023 maabara ya Susan Kaech ilionyesha kwamba seli T zilizochoka hukusanyika karibu na nyuzi za simpathetiki na hubeba kipokezi cha beta-1. Noradrenalini inayotoka kwenye nyuzi hizo huwasukuma zaidi kwenye uchovu. Kipokezi hicho kilipoondolewa au kuzibwa kwenye panya, seli T zilifanya kazi vizuri zaidi, hasa dawa ya kufungua kizuizi cha kinga ilipoongezwa. Kabla ya hapo wengi waliamini kwamba kwenye seli T beta-1 ni ya kupuuzwa. Hili lina uzito kwenye uchaguzi wa dawa, kwa sababu dawa nyingi za moyo huziba beta-1 zaidi na kuiacha beta-2.

Baridi ya maabara

Kuna jaribio moja ambalo kila anayesoma tafiti za panya anapaswa kulijua. Vizimba vya maabara huwekwa kwenye joto la nyuzi 22 za Selsiasi hivi, kwa sababu hilo linawafaa wafanyakazi waliovaa makoti. Panya ni mnyama mdogo anayepoteza joto haraka. Raha yake iko kwenye nyuzi 30 hivi. Kwenye nyuzi 22 hulazimika kuchoma mafuta usiku na mchana ili asipoe, na mfumo unaowasha tanuri hilo ni wa simpathetiki. Kwa maneno mengine, panya wa kawaida wa maabara anaishi na noradrenalini nyingi kila siku bila mtu yeyote kumtesa.

Kundi la Elizabeth Repasky huko Buffalo, Marekani, liliwahamishia panya kwenye nyuzi 30 na kuwapandikiza uvimbe. Matokeo yaliyochapishwa mwaka 2013 yalionyesha kwamba uvimbe ulikua polepole zaidi, ulisambaa kidogo, na ulijaa seli T za CD8 zilizo hai. Kwa panya wasio na seli T tofauti hiyo ilitoweka, ishara kwamba joto halikuidhuru saratani moja kwa moja bali liliipa kinga nafasi. Kazi zilizofuata zilionyesha kwamba kuwapa panya wa nyuzi 22 dawa ya kuzuia beta kulileta matokeo yanayofanana na kuwahamisha, na kwamba dawa ya kuzuia PD-1 ilifanya kazi vizuri zaidi katika hali zote mbili.

Athari zake ni pana kuliko zinavyosikika. Dawa ya kinga iliyoshindwa kwa panya wenye baridi huenda haikujaribiwa kwa haki. Na majaribio mawili yanayopingana kati ya maabara mbili yanaweza kuwa yanatofautiana kwa kitu kidogo kama wingi wa matandiko ndani ya kizimba, kwani panya mwenye matandiko ya kutosha hujijengea kiota na kujipasha joto. Ripoti isiyotaja joto la vizimba imeacha kitu cha msingi.

Neva za maumivu

Hadi hapa tumezungumzia neva zinazopeleka amri. Zipo pia zinazopokea hisia, na hizi nazo hutoa kemikali kwenye ncha zake. Neva za maumivu hutoa CGRP, peptidi ileile inayohusika na kipandauso.

Utafiti wa mwaka 2022 kutoka kundi la Sébastien Talbot uliufuatilia mlolongo mzima kwenye melanoma, saratani ya ngozi. Seli za melanoma hutoa protini iitwayo SLPI, protini hiyo huziamsha neva za maumivu, neva hutoa CGRP, na CGRP huzigusa seli T za CD8 kupitia kipokezi RAMP1. Seli hizo huongeza PD-1 na vizuizi vingine, huchoka mapema, na uvimbe hukua. Panya walioondolewa neva za maumivu waliishi muda mrefu zaidi. Kuziba CGRP kwa dawa nako kulipunguza uchovu wa seli T.

Inashawishi kusema basi zikatwe. Lakini neva iliyojeruhiwa ina madhara yake. Mwaka 2025 ilichapishwa kazi iliyoonyesha kwamba saratani ya ngozi inapoivamia neva na kuichubua utando wake wa mailini, neva hujaribu kujikarabati kwa kutoa ishara za uchochezi, zikiwemo intaleukini-6 na intaferoni aina ya kwanza. Ishara hizo zinapodumu, hugeuka kuwa za kukandamiza, na uvimbe huwa sugu kwa dawa za kuzuia PD-1. Hivyo kutuliza ujumbe wa neva na kuiharibu neva ni mambo mawili, ingawa yote huweza kuitwa kuondoa ushawishi wa neva.

Kiungo hubadilisha jibu

Neva ya vagasi inatoa somo lililo wazi kuliko yote. Kwenye tumbo la panya, kuikata au kuizima kwa sumu ya botulini kulipunguza kutokea na kukua kwa saratani, kama lilivyoonyesha kundi la Duan Chen na Timothy Wang mwaka 2014. Asetilikolini ya vagasi hulisha seli shina za utando wa tumbo kupitia kipokezi cha M3, na saratani hunufaika na lishe hiyo. Kwenye kongosho mambo yaligeuka. Maabara hiyohiyo ya Wang ilishiriki kazi ya mwaka 2018 iliyoonyesha kwamba kuikata vagasi kuliharakisha saratani ya kongosho, na dawa inayoiga asetilikolini iliipunguza kasi, ikiwemo kwa kupunguza makrofaji na TNF. Neva ni moja na kemikali ni ileile. Kilichotofautiana ni tishu na vipokezi vyake.

Kwenye tezi dume, Claire Magnon na wenzake waliripoti mwaka 2013 kwamba nyuzi za simpathetiki zinahitajika uvimbe unapoanza kuota, na nyuzi za parasimpathetiki huchangia unaposambaa. Kwenye matiti, watafiti wa Japani waliozibadili neva kwa mbinu za jeni mwaka 2019 walikuta picha tofauti: simpathetiki ilikuza uvimbe na kuongeza vizuizi vya kinga, parasimpathetiki ilivipunguza. Yeyote anayeuza kifaa cha "kuamsha vagasi" kwa wagonjwa wote wa saratani bila kuuliza saratani iko wapi hana msingi wa kusimamia.

Ndani ya ubongo hali ni ya peke yake, kwa kuwa uvimbe huota katikati ya neva zenyewe. Glioma za daraja la juu, yaani saratani kali za ubongo, huunganishwa na niuroni (seli za neva) kwa sinapsi, viungio ambavyo niuroni hupitishia ujumbe, na hukua kwa umeme wa niuroni hizo. Upande wa kinga, utafiti wa mwaka 2020 juu ya glioma ya neva ya macho, inayowapata watoto wenye ugonjwa wa kurithi wa NF1, ulionyesha niuroni zikitoa protini ya midkaini inayoziamsha seli T za CD8. Seli hizo huziagiza mikroglia, seli za kinga za ubongo, na mikroglia hutoa protini ya CCL5 inayoukuza uvimbe. Hapo seli T, ambazo kwingine tunazililia zifike, ni sehemu ya tatizo.

Ubongo wenyewe pia huweza kushika usukani kutoka mbali. Kundi la Asya Rolls huko Haifa, Israeli, liliamsha kwa mbinu za jeni eneo la ubongo wa panya linalohusika na kupata thawabu. Baada ya wiki mbili uvimbe ulikuwa umepungua kwa karibu nusu ukilinganisha na panya wengine. Ujumbe ulipita kwenye nyuzi za simpathetiki zinazoingia kwenye uboho: noradrenalini ilishuka, na zile seli changa za mieloidi zikapoteza nguvu ya kuikandamiza kinga. Jaribio hilo halisemi kwamba furaha huponya saratani. Linasema kwamba waya upo kutoka ubongo hadi uvimbe, na kwamba unapita kwenye uboho.

Adrenalini ya dakika kumi na adrenalini ya miezi

Muda una uzito kuliko watu wengi wanavyodhani. Mtu akikimbia au akishtuka, adrenalini huzibandua seli NK na seli T kutoka kwenye kuta za mishipa ya damu na wengu, nazo hufurika kwenye damu kwa dakika chache. Baadaye huelekea kwenye tishu. Mwaka 2016 watafiti wa Denmark wakiongozwa na Pernille Hojman walionyesha kwamba panya waliokuwa na gurudumu la kukimbilia walipata uvimbe uliopungua kwa zaidi ya asilimia 60, na kwamba seli NK zilizohamasishwa na adrenalini ndizo zilizoingia kwenye uvimbe. Propranololi iliifuta faida hiyo. Dawa ileile iliyoisaidia kinga kwenye baridi ya kudumu iliizuia kwenye mazoezi.

Mkanganyiko huo unafumbuka ukiutazama muda. Mpigo mfupi wa adrenalini husambaza seli kisha hutoweka, na vipokezi hurudi katika hali yake. Ujumbe wa wiki na miezi hubadilisha uzalishaji wa uboho, tabia ya makrofaji na nguvu za seli T. Aidha, noradrenalini kupitia beta-2 huzifunga limfosaiti zisitoke kwenye tezi za limfu. Ikiwa ni kwa saa chache huwa sehemu ya mzunguko wa kawaida wa mchana na usiku, ikidumu huwa kizuizi.

Msongo wa mawazo haukumletea mtu saratani

Hili lazima lisemwe wazi kwa sababu linaumiza watu. Karibu majaribio yote yaliyotajwa juu yanahusu uvimbe uliokwisha kuwepo, mara nyingi uliopandikizwa. Kuhusu kuanza kwa saratani kwa binadamu, uchambuzi uliochapishwa mwaka 2013 katika jarida la BMJ uliunganisha tafiti 12 za Ulaya zenye watu 116,056 na haukupata uhusiano kati ya msongo wa kazini na saratani ya utumbo mpana, mapafu, matiti au tezi dume. Mgonjwa anayeambiwa kwamba ugonjwa ulitokana na wasiwasi wake, au kwamba utarudi akilia, anaongezewa mzigo usio na ushahidi. Kutibu wasiwasi, huzuni na kukosa usingizi kuna thamani yake, kwa sababu mgonjwa anateseka navyo.

Kwenye chumba cha upasuaji na kliniki

Pale maarifa haya yanapokaribia zaidi matumizi ni siku chache kabla na baada ya upasuaji. Kisu, maumivu, hofu, baridi ya chumba na upotevu wa damu huamsha simpathetiki kwa pamoja. Tishu iliyokatwa hutoa prostaglandini E2, kemikali ya uchochezi, ambayo nayo hupandisha cAMP ndani ya seli NK kupitia kipokezi chake. Milango ni miwili lakini chumba kinachoingiwa ni kimoja, na kufunga mlango mmoja tu huacha njia wazi. Ndiyo sababu kundi la Shamgar Ben-Eliyahu lilichanganya propranololi na etodolaki, dawa inayozuia prostaglandini, kwa siku 11 kuanzia siku 5 kabla ya upasuaji. Katika jaribio lenye wanawake 38 wenye saratani ya matiti, uvimbe uliotolewa ulionyesha alama pungufu za seli zinazojiandaa kusambaa. Jaribio la Sloan na wenzake la mwaka 2020, lenye wanawake 60, lilitumia propranololi peke yake, miligramu 80 hadi 160 kwa siku kwa siku 7 kabla ya upasuaji: alama za kusambaa zilishuka na seli za kinga ziliongezeka ndani ya uvimbe. Hizo ni alama za maabara. Watu 38 au 60 hawatoshi kuonyesha kwamba maisha yamerefushwa.

Ganzi imeleta matokeo mawili yanayofaa kusomwa pamoja. Nchini India, jaribio lililochapishwa mwaka 2023 lilidunga lidokeini kuzunguka uvimbe wa matiti dakika 7 hadi 10 kabla ya kuukata. Baada ya miaka mitano, waliokuwa hai walikuwa asilimia 90.1 dhidi ya 86.4 kwa wasiodungwa. Lakini jaribio la kimataifa la mwaka 2019, lenye zaidi ya wanawake 2,000, lililinganisha ganzi ya kuziba neva karibu na uti wa mgongo na dawa ya usingizi ya kawaida, na kiwango cha saratani kurudi hakikutofautiana. Kuzima neva kwa jumla hakukutosha. Lidokeini karibu na uvimbe huenda inafanya zaidi ya kuzima neva, kwani huziba milango ya sodiamu ambayo baadhi ya seli za saratani nazo zinayo.

Kwa dawa za kinga, jaribio dogo la awali lililochapishwa mwaka 2021 liliwapa wagonjwa 9 wa melanoma pembrolizumabu, dawa ya kuzuia PD-1, pamoja na propranololi ya miligramu 10, 20 au 30 mara mbili kwa siku. Wagonjwa 7 kati ya 9 walipata nafuu inayopimika na hakukuwa na madhara makali ya kuzuia kuendelea. Halikuwa na kundi la kulinganisha, na melanoma hujibu pembrolizumabu mara nyingi hata bila nyongeza. Thamani yake ni kuonyesha kwamba mchanganyiko unavumilika.

Tafiti za kumbukumbu za hospitali zinapingana, na kuna mtego mmoja wa hesabu unaofaa kujulikana. Mtu akihesabiwa mtumiaji wa dawa kwa sababu aliianza miezi sita baada ya kugunduliwa saratani, basi alilazimika kuishi miezi hiyo sita ili ahesabiwe. Waliofariki mapema wote huangukia kundi la wasiotumia, na dawa huonekana inarefusha maisha hata ikiwa ni maji matupu. Tatizo jingine ni kuchanganya dawa zinazoziba beta-1 pekee na zile zinazoziba zote mbili.

Propranololi si ya kujaribu nyumbani. Humbana pumzi mwenye pumu, huweza kuzidi kupunguza mapigo ya moyo yaliyo ya polepole, na huficha dalili za sukari kushuka kwa mwenye kisukari, hasa mapigo ya kasi na kutetemeka. Kuiacha ghafla huweza kuleta maumivu ya kifua au mshtuko wa moyo. Anayeitumia tayari kwa sababu ya moyo au shinikizo la damu aendelee nayo na amjulishe daktari wa usingizi mapema, kwa kuwa dozi ya asubuhi ya upasuaji kwa kawaida haiachwi. Maumivu yatibiwe ipasavyo: hofu kwamba dawa za maumivu zitaidhoofisha kinga isiwe sababu ya kumwacha mgonjwa na maumivu ambayo yenyewe huamsha simpathetiki usiku kucha. Na kwa anayeanza dawa za kuzuia PD-1, daktari ajue kuhusu kila kidonge cha steroidi, maana dawa hizi huiga kotisoli. Dozi ya predinisoloni ya miligramu 10 au zaidi kwa siku mwanzoni mwa tiba hiyo imehusishwa na matokeo duni, ingawa sehemu ya uhusiano huo hutokana na hali ya wagonjwa wenyewe, kwani wanaopewa steroidi mara nyingi ndio walio na hali mbaya zaidi. Steroidi iliyoandikwa kutibu madhara ya dawa ya kinga, au kuvimba kwa ubongo, isipunguzwe bila daktari aliyeiandika.